Melini na wenye jambo lao: yanayosemwa na yalivyo

Nilihudumu mezani katika meli za kitalii kwa mikataba minane. Safari zetu nyingi zilianzia Florida, ama Miami ama Fort Lauderdale, zikazunguka visiwa vya Karibiani na kurudi. Kuna swali nililoulizwa kwa Kiingereza mara nisizoweza kuhesabu, na kwa Kiswahili mara moja tu. Aliyeniuliza kwa Kiswahili ni mama mmoja wa Kikenya anayeishi Texas. Alisoma jina na nchi yangu kwenye beji ya kifuani, akafurahi kama aliyeokota shilingi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie, hawa wenye fulana za zambarau waliojaa kila mahali ni akina nani? Isije ikawa tumeingia harusi ya watu bila kadi."

"Hapana, mama. Ni washonaji. Wana jambo lao, lakini meli ni yenu nyote."

Hakuniamini. Kesho yake asubuhi alinijia na malalamiko matatu, yote yana ukweli kidogo na yote yana kosa ndani yake. Tangu hapo nimeyasikia hayo hayo juu ya makundi ya mada, yaani watu wanaopanda meli pamoja kwa ajili ya jambo moja wanalolipenda, kwa wengine pia, hasa ndugu zetu walioko Marekani wanaojiandaa kwa safari ya kwanza.

"Meli imefurika kwa sababu yao"

Meli ina cheti kinachotaja idadi ya juu kabisa ya watu, na sisi mabaharia tukiwemo. Idadi hiyo imefungamana na vifaa vya kuokolea, haipandi kwa sababu kuna kundi. Kundi la watu 600 haliongezi watu 600. Linachukua vyumba ambavyo vingeuzwa kwa watu wengine 600. Wala usishtuke ukisoma kwamba meli iliondoka ikiwa imejaa kwa asilimia 105. Kampuni huhesabu watu wawili kwa kila chumba, kwa hiyo watoto wakilala vitanda vya juu tayari mia imevukwa.

Kinachobadilika ni mkupuo. Abiria wa kawaida hutawanyika: huyu kalala, huyu yuko bwawani, yule anazozana na mkewe juu ya sitaha. Kundi lina kengele. Darasa likiisha saa sita mchana, watu 600 wanatoka pamoja wakiwa na njaa ya aina moja. Foleni ya bafe inafika kwenye lifti, na lifti zenyewe hazishikiki. Ukiingia dakika hiyo utaapa meli imepakia kupita kiasi. Lakini saa tatu na nusu asubuhi, wakiwa darasani, bafe hiyo hiyo ilikuwa na wahudumu wengi kuliko walaji. Nilimwonyesha yule mama, na kuanzia siku ile chai yake akawa anainywa saa tatu na nusu, meza ya dirishani, peke yake kama mwenye meli.

Chakula cha jioni ni vivyo hivyo. Meli zenye zamu mbili za mezani, moja mapema jioni na nyingine kwenye saa mbili usiku, hupenda kuliweka kundi zima katika zamu moja ili likae pamoja na liwahi shughuli yake. Muulize msimamizi wa mgahawa wao wako zamu gani, kisha omba ile nyingine. Ombi hilo ni la siku ya kwanza, tena kabla ya chakula chenyewe. Ukija nalo siku ya tatu utaambiwa kwa tabasamu kwamba meza zimekwisha, na ni kweli zimekwisha.

"Wameikodi meli, sisi ni wasindikizaji"

Kuna mambo mawili yanayochanganywa. Moja ni kukodi meli nzima. Mwandaaji hulipia vyumba vyote, huleta wasanii wake, hupanga ratiba yake hata ya baa, na tiketi huuza yeye. Ndivyo inavyofanya 70000 Tons of Metal, ambayo tangu 2011 huchukua mashabiki wa muziki wa metali, yaani roki nzito ya magitaa, kutoka Florida pamoja na bendi zipatazo 60. Star Trek: The Cruise, ya wapenzi wa tamthilia ya anga za mbali yenye jina hilo, iliyoanza 2017, nayo ni hivyo. Kama meli imekodiwa kwa namna hii, wewe wa tiketi ya kawaida hutakuwamo kabisa.

Jingine ni kundi ndani ya safari ya kawaida, na hawa ndio mtakaogombea nao viti vya bwawani. Kwa kampuni nyingi za Marekani, vyumba vinane, yaani watu 16, vinatosha kuitwa kundi. Watu 16 hutawaona. Ukoo wenye fulana za sare utauona, na kusema kweli kwetu sisi tuliozoea vitenge vya sare harusini hilo lisitushangaze hata kidogo. Wakifika mia tano, au elfu, hapo ndipo meli inabadilika sura. Baadhi huanza wadogo wakakua: JoCo Cruise, safari ya wapenzi wa kompyuta, michezo ya mezani na nyimbo za vichekesho, ilianza 2011 ikiwa kundi ndani ya meli ya watu wengine, na baadaye ikawa inakodi meli nzima.

"Kampuni itaniarifu mapema"

Haitakuarifu. Kwake hao ni abiria kama wewe, na hakuna abiria anayetangaziwa majirani zake. Pengine mwenye kundi alinunua vyumba mwaka mmoja kabla yako, pengine baada yako. Andika mtandaoni jina la meli na tarehe ya kuondoka, uone kama kuna mwandaaji anayeuza tiketi za shughuli yake kwa tarehe hiyo hiyo. Waandaaji hujitangaza sana, hawajifichi. Kisha mpigie wakala wako umuulize waziwazi kama kuna kundi kubwa. Fanya hivyo kabla ya siku ambayo ukijitoa unakatwa pesa, maana baada ya hapo hata ukijua, utakuwa umejulia ndani.

Linaloumiza zaidi ni hili: meli uliyokwisha kulipia inaweza kukodiwa nzima na mtu mwingine, na wewe ukaondolewa. Masharti ya tiketi huiachia kampuni haki hiyo. Nauli yako inarudi, na mara nyingi unapewa tarehe nyingine ya kuchagua, lakini tiketi ya ndege uliyonunua kivyako ni kesi nyingine. Ndiyo maana wazoefu hawakimbilii ndege isiyorudishiwa pesa.

"Nimelipa sawa nao, kila ukumbi ni wangu"

Hili ndilo lalamiko lililomuuma zaidi yule mama. Alikuwa na kiti chake kwenye ukumbi mmoja wa mbele, pembeni mwa dirisha kubwa, akaenda siku ya pili akakuta kibao mlangoni: shughuli ya faragha.

Masharti ya tiketi hayakuuzii ukumbi. Yanakupa chumba, chakula, safari na matumizi ya sehemu za wote kadiri zilivyofunguliwa, na kampuni inaweza kufunga sehemu kwa saa fulani kwa ajili ya kundi. Kwa kawaida hufungwa ukumbi wa mikutano, sebule moja au mbili, na pengine ukumbi mkuu wa maonyesho kwa mchana mmoja. Siku za hatari ni zile meli inapokuwa baharini kutwa bila kutia nanga, kwa sababu watu wote wako ndani na kundi nalo hupanga mambo yake makubwa siku hizo. Siku ya bandarini ukumbi huwa mtupu.

Nilipeleka sinia la vikombe ndani ya ule ukumbi, na sijasahau nilichokiona. Cherehani za umeme zimepangwa safu kwa safu kwenye meza za kukunja, zote zikilia pamoja kama mvua juu ya mabati. Walikuwa wakishona mablanketi ya viraka. Ukutani kulikuwa na meza ya pasi, na pembeni yake baharia wa zamu amesimama akizitazama zile pasi kama askari wa benki. Pasi haziruhusiwi vyumbani katika meli nyingi, kwa kuwa adui wa kwanza wa meli ni moto. Soketi za kuongeza zenye kinga ya mikiki ya umeme pia hunyang'anywa mlangoni. Nyumbani zinaleta usalama, lakini kwa jinsi umeme wa meli ulivyofungwa zinaweza kuwaka. Kwa hiyo waya zote mle ndani zilikuwa za fundi wa meli. Ukumbi ulifungwa kwa sababu ya moto kama ulivyofungwa kwa sababu ya faragha.

Nikamweleza mama. Akasema, "Sawa, lakini kiti changu?" Hapo sikuwa na jibu.

Na je, ukitaka kuingia kwenye shughuli yao? Tazama shingoni. Kundi likiwa na kamba na kadi, maana yake kila mmoja alimlipa mwandaaji ada ya pembeni juu ya nauli, na mlangoni utarudishwa. Makundi mengine huacha onyesho moja wazi kwa wote. Kuuliza si kosa.

"Bill W. ana marafiki wengi sana"

Katika ratiba ya kila siku ya meli za Marekani utaona mkutano umeandikwa kwa Kiingereza tu kwamba ni wa marafiki wa Bill W. Kuna abiria mmoja aliyedhani ni sherehe ya mzee fulani, akaenda na glasi yake ya mvinyo mkononi kumpongeza. Bill W. ni Bill Wilson, mmoja wa waanzilishi wawili wa Alcoholics Anonymous, chama cha watu wanaojinasua na ulevi kilichoanza 1935 huko Akron, Ohio. Jina limefupishwa makusudi ili wanaohusika wajuane bila kutangazwa. Hilo si kundi la mada, na glasi hiyo iache nje.

"Kundi lenye sura ya fujo ndilo la fujo"

Hapa nilikosea mwenyewe. Mara ya kwanza tulipoambiwa meli imekodiwa na mashabiki wa metali, jikoni tulikaa mkao wa vita. Wakapanda na fulana nyeusi, minyororo, na ndevu zilizosukwa. Kelele ilikuwepo, tena hadi alfajiri. Lakini mezani walitupangia sahani tupu moja juu ya nyingine ili zisitusumbue, na siku ya pili walikuwa wanatuita kwa majina. Waliotutoa jasho ni wacheza karata wa bridge, wazee wapole, wamenyamaza mezani kama wako msibani. Taa ikififia kidogo, meneja aitwe. Kiyoyozi kikizidi, meneja aitwe. Chai isipochemka, namba yangu ya beji iandikwe.

Sisemi kwamba malalamiko juu ya makundi ni uzushi. Mwaka 2018, katika safari ya Voyager of the Seas iliyotoka Sydney, kundi la wafanyakazi wapatao 1,300 wa kampuni moja ya India liliteka sitaha ya bwawa na bafe kiasi kwamba abiria wengine walilalamika hadharani, na kwa mujibu wa habari za wakati ule kampuni ya meli iliwarudishia nauli waliolalamika. Kisa hicho ndicho kimezaa dhana nyingine, kwamba ukinung'unika utarudishiwa pesa. Kilifika kwenye vyombo vya habari hasa kwa sababu si kawaida. Mara nyingi unachopata ni samahani, au salio dogo la kutumia humo humo melini. Na hata hilo halipatikani kwa barua ya mwezi mmoja baadaye: nenda mapokezi siku ile ile, taja ukumbi, saa na kilichotokea, omba liandikwe, kisha omba kitu kinachowezekana, kama kuhamishwa chumba kilichopakana na sherehe. Nimeona wengi wakihamishwa kimya kimya usiku wa kwanza. Usiku wa tano hakuna chumba.

Wapo pia wanaoamini kundi lina sheria zake. Halina. Zoezi la usalama ni la kila mtu, na baada ya Costa Concordia kuzama Januari 2012 kanuni za kimataifa zilikazwa: tangu 2015 zoezi hufanyika kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Mwenye barakoa ya zimwi ataivua kwenye ngazi ya bandarini ili uso ulinganishwe na picha, na upanga wa plastiki utabaki kwa walinzi. Milango ya vyumba waliyoipamba ni ya chuma, hivyo wanatumia sumaku, si gundi. Mapambo hayo, kwa siri, yaliwasaidia abiria wengi wasio wa kundi kukumbuka chumba chao ni cha pili kushoto baada ya bata wa zambarau.

Asubuhi ya mwisho kundi hushuka pamoja, mizigo yake ikiwa na vitambulisho vya rangi moja. Asiyetaka kusimama nyuma yao huwaambia mapokezi jioni iliyotangulia kwamba atabeba mabegi yake mwenyewe, na hushuka miongoni mwa wa kwanza. Yule mama wa Texas ndivyo alivyofanya. Nilimkuta ngazini saa moja na nusu, begi moja la magurudumu na mfuko wa plastiki. Ndani ya mfuko kulikuwa na kipande cha kitambaa cha viraka, na pindo lake halijamalizwa.

"Nilirudi kukifuata kiti changu," akaniambia, "wakanipa cherehani."