Kidhibiti mtikisiko hakimtulizi mnyama anayekimbia

Wengi huamini kwamba lenzi ya zumu yenye kidhibiti mtikisiko hunasa vizuri mnyama anayekimbia au mchezaji anayeruka, ilhali kifaa hicho hutuliza mtikisiko wa mikono ya mpiga picha tu. Lenzi ikivutwa hadi milimita 400, kinaweza kumwezesha kupiga picha kali ya mti kwa sekunde 1/50, lakini swala anayetimka atatoka na ukungu, kwa kuwa picha yake huhitaji kupigwa kwa takriban sekunde 1/1000 au kasi zaidi. Kasi hiyo hutegemea mwanga: tundu la lenzi la f/2.8 (namba ndogo humaanisha tundu pana) hupitisha mwanga mara nne ya la f/5.6, hivyo palepale lenzi ya f/5.6 inapoishia 1/250, ya f/2.8 hufika 1/1000. Lenzi hiyo, bila shaka, ni nzito na ghali; binafsi ningeanza kwa kuongeza ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) mara nne na kuvumilia chembechembe zinazojitokeza kwenye picha.