Kwa nini mpinzani wa bondia huchaguliwa kwa mtindo wake

Kwenye mazoezi ya ndondi Nairobi, iwe Kaloleni au Kariobangi, hesabu hii haikosi: fulani alimpiga mwenzake, huyo mwenzake naye akakupiga wewe, basi kwa yule wa kwanza huna chako. Ni hesabu ya uongo. Joe Frazier alimshinda Muhammad Ali kwa pointi mwaka 1971. Miaka miwili baadaye George Foreman akamwangusha Frazier mara sita ndani ya raundi mbili. Kwa hesabu ile Ali asingemweza Foreman kamwe, lakini mwaka 1974 kule Kinshasa alimmaliza raundi ya nane.

Sababu ni mitindo. Frazier alipigana akiwa ameinama, anaingia chini ya jebu, ile ngumi ya haraka ya mkono wa mbele, na kuachia konde la kushoto la kuzungusha; Ali, aliyezoea kupiga akiwa mbali, alisumbuka sana. Kwa Foreman, kuja mbele vile ilikuwa kujipeleka mwenyewe. Jamaa alikuwa na mikono mirefu ya kumsukuma mtu arudi hadi umbali anaoutaka, halafu anapiga kwa kunyanyua kutoka chini. Mbele ya Ali nguvu hizo ziliishia kwenye mikono na mabega, Ali akiwa ameegemea kamba, hadi Foreman akachoka.

Mpangaji wa mapambano anayejua kazi yake hutazama hayo kwanza, rekodi baadaye. Akitaka mashabiki wasimame vitini, humkutanisha mpiga konde zito na anayesukuma mbele bila kurudi. Wawili wanaongojea kosa la mwenzake wakikutana, raundi zote huisha wakitazamana, hata kama wote ni hodari. Bondia mchanga naye hulelewa kwa hatua: kwanza anayekuja moja kwa moja, kisha mrefu mwenye jebu, kisha mashoto, ambaye mabondia wengi hawampendi kwa kuwa makonde yake yanatokea upande wasiouzoea. Bingwa humkwepa mashoto mjanja asiye na jina: akishinda hapati sifa, akishindwa anapoteza mkanda.

Kinachoniuma ni jinsi vijana wetu wanavyotumika katika upangaji huo. Simu inapigwa kutoka ng'ambo, pambano liko karibu, na kijana anafurahia safari na malipo. Mara nyingi amechaguliwa kwa sababu mtindo wake unamfaa mwenyeji: anakuja mbele na kichwa wazi, au mikono yake ni mifupi kuliko ya yule. Akirudi na vipigo vitatu mfululizo, nyumbani wanasema kiwango kimeshuka, ilhali alipangiwa watu watatu wa aina moja, ile asiyoiweza.

Kocha anayempenda kijana wake huomba video za mpinzani kabla ya kutia sahihi. Hutazama anasimama mguu gani mbele, anafanya nini akisukumwa kwenye kamba, na pumzi yake ikoje baada ya raundi ya nne. Video zisipopatikana na siku ni chache, kukataa pambano ni sehemu ya kazi yake.