Julio Jones na mikataba ya bei chee: dhana potofu na ukweli

Tarehe 2 Oktoba 2016, Julio Jones, mpokeaji (mchezaji wa kukimbia na kudaka pasi) wa Atlanta kwenye NFL, ligi ya soka la Kimarekani, alidaka mipira 12 dhidi ya Carolina na kuvuna yadi 300 kwa siku moja. Msimu wa 2022 akiwa Tampa Bay alipata yadi 299. Msimu mzima.

Nilimfuatilia tangu enzi za Atlanta, na kushuka kwake kuliniuma. Kilichoniuma zaidi ni jinsi mashabiki wa NFL walivyopotoka kila aliposaini mkataba mdogo: hawa wakisema timu imeokota dhahabu, wale wakisema imenunua jina tu.

Dhana: Mkongwe wa bei rahisi hana hasara

Kwa upande wa fedha, hoja hii ina mashiko. Mwaka 2023 ukomo wa mishahara ulikuwa dola milioni 224.8 kwa kila timu. Mchezaji mwenye misimu saba au zaidi alikuwa na kima cha chini cha dola 1,165,000, na akisaini mwaka mmoja kwa kima hicho, kanuni huiruhusu timu ihesabiwe dola 940,000 tu kwenye ukomo, kama vile imesajili mchezaji mwenye misimu miwili. Haifiki hata nusu ya asilimia moja.

Hasara iko kwenye nafasi. Kikosi ni watu 53, na wapokeaji kwa kawaida huwa watano au sita. Mpokeaji wa nne na wa tano hulipia nafasi yake kwenye vikosi maalumu: kukimbiza mpira uliopigwa teke, kuzuia, kuangusha watu. Nyota mwenye miaka 33 na misuli inayosumbua hapewi kazi hiyo. Basi anayekatwa ni kijana ambaye angeifanya, na pamoja naye zinapotea zile dakika za mazoezi ambazo zingemkuza. Gharama hiyo haionekani kwenye karatasi ya mkataba, na mimi naiona kubwa kuliko mshahara.

Tena, mkataba unaoonekana mwepesi huku unaweza kuwa mzito kule. Atlanta ilimpeleka Tennessee Juni 2021, lakini mwaka 2022, akiwa tayari Tampa Bay, ukomo wa Atlanta ulikuwa bado umebeba dola milioni 15.5 kwa ajili yake. Pesa ya kusaini hulipwa mapema, kisha huandikwa vitabuni kidogo kidogo kwa miaka inayofuata. Mchezaji akiondoka, salio linabaki kwa aliyelipa.

Dhana: Mpokeaji akifika miaka 30 amekwisha

Jerry Rice alitimiza miaka 40 katikati ya msimu wa 2002 akiwa Oakland, na alidaka mipira 92 kwa yadi 1,211. Larry Fitzgerald wa Arizona alidaka mipira 109 mwaka 2015 akiwa na miaka 32, baada ya kuhamishiwa ndani karibu na safu ya mbele, ambako akili ya kusoma ulinzi inasaidia kuliko mbio.

Julio mwenyewe alikuwa na miaka 30 mwaka 2019 alipopata yadi 1,394. Mwaka 2020 alipata 771, na watu wakasema kaisha, ilhali alicheza mechi tisa tu: wastani wa yadi 86 kwa mechi, kiwango cha nyota. Tatizo lilikuwa msuli wa nyuma ya paja. Mchezo wake wote ulisimama juu ya kasi ya kuanza na breki ya ghafla, na msuli huo ndio unaobeba vyote viwili. Tennessee alicheza mechi 10 kwa wastani wa yadi 43. Tampa Bay mechi 10 tena, yadi 30. Kwa hiyo kabla ya kutazama umri, tazama mechi alizokosa katika misimu miwili iliyopita, na kama mchezo wake una njia nyingine ya kuishi bila kasi.

Dhana: Takwimu ndogo ni usajili mbovu

Philadelphia ilimchukua Oktoba 2023, akianzia kikosi cha mazoezi. Mipira 11, yadi 74. Ukiishia hapo utacheka. Lakini mipira mingi pale ilikuwa ya wapokeaji wakuu, A.J. Brown na DeVonta Smith; yeye aliitwa awe mtu mrefu wa karibu na mstari wa goli, na mitatu kati ya hiyo 11 ilikuwa tachidauni, yaani mabao. Mbili alizipata siku moja, tarehe 31 Desemba dhidi ya Arizona, ingawa Philadelphia ilifungwa 35-31.

Kati ya timu tatu zilizomchukua baada ya Atlanta, mimi naipa Philadelphia alama za juu. Tennessee ilitoa chaguo la raundi ya pili, yaani zamu yake ya kuchagua chipukizi, ikitarajia Julio wa zamani. Philadelphia ilisubiri msimu uanze, ikaona pengo lilipo, ikampa kazi moja anayoiweza, kwenye kikosi cha mazoezi, ambacho malipo yake huenda kwa wiki.