Mwezi mwandamo, falaki na imani: yanayochanganywa

Kila Shaabani inapofikia ukingoni, baraza za Mji Mkongwe hadi Wete hurudi kwenye hoja ileile: kuanza Ramadhani, tufuate hesabu au jicho? Ubishi huo ni wa haki. Kinachoniuma ni pale unapogeuzwa kuwa vita, mtu akalazimishwa achague sayansi au dini.

Dhana: Wataalamu wameshasema mwezi umezaliwa, kwa hiyo wanaongoja kuuona wanakataa elimu.

Sivyo. Falaki, yaani elimu ya mwendo wa jua, mwezi na nyota, hutaja mpaka dakika ambayo mwezi unapita baina ya ardhi na jua. Lakini dakika hiyo hakuna anayeuona, kwa sababu upande wake unaomulikwa umeelekea kwenye jua. Mpaka usogee mbali na jua ndipo hilali, ule mwezi mwembamba, ionekane. Ukiwa chini ya takriban digrii 7 kutoka kwenye jua, macho bila darubini hayaipati, na bado kuna mawingu na ukungu wa upeoni. Kwa hiyo kuzaliwa kwa mwezi ni jambo moja na kuandama ni jingine. Kama Ramadhani ianze kwa hesabu, kwa shahidi wa hapa Unguja na Pemba, au kwa muandamo wa nchi nyingine, hilo ni suala la fiqhi, yaani elimu ya sheria za dini, na darubini hailijibu hata ikiwa kubwa vipi. Ila shahidi akidai ameuona mwezi jioni ambayo umekuchwa kabla ya jua, hapo hesabu ina haki kamili ya kumhoji.

Dhana: Dini haitaki falaki.

Tazama ratiba ya sala iliyobandikwa msikitini. Alfajiri imepatikana kwa kukokotoa digrii za jua chini ya upeo, na Alasiri kwa urefu wa kivuli. Ibn al-Shatir, aliyefariki 1375, alikuwa mtunza nyakati wa Msikiti wa Bani Umayya, Damascus, na huyohuyo akatunga mifano mipya ya mwendo wa sayari. Tena jua lilipopatwa siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (S.A.W.), watu walisema limepatwa kwa msiba ule. Mtume akakanusha: jua na mwezi havipatwi kwa kufa wala kwa uhai wa mtu. Baba mwenye msiba alikataa uzushi ambao ungempa utukufu. Sijui hoja nzito kuliko hiyo.

Dhana: Sayansi nayo ni dini tu, na leo inasema hivi, kesho vile.

Kuna chembe ya kweli: wengi wetu tunamwamini daktari bila ya kupima wenyewe. Lakini kauli ya daktari iko wazi kupingwa kwa vipimo. Klorokwini ilitumika miaka mingi. Vimelea vya malaria vilipoizoea, Zanzibar ikaiacha na mwaka 2003 ikaanza dawa mseto. Vikaongezwa vyandarua na upigaji dawa majumbani, na maambukizi yakashuka chini ya asilimia 1. Kubadilika huko ndiko kulikookoa watoto. Imani ya muumini haisimami juu ya majaribio ya namna hiyo, wala haiyadai.

Na anayemzuia mtoto asipimwe kwa kuwa ameshasomewa, asiseme ni amri ya dini: Mtume amehimiza watu wajitibu. Mtoto mwenye homa asomewe, na siku hiyohiyo apelekwe kituo cha afya apimwe damu.