Spitfire ya 1944 kwenye vita vya 1940: dokumentari za vita zimeharibikia wapi

Watu wanalalamika kwamba chaneli za kebo zinaonyesha vita na ndege kidogo kuliko zamani; niseme mapema ili tusipotezeane muda, mimi hilo halinisumbui sana. Kazi yangu ni kutambua ndege kwenye filamu na picha za zamani, yaani mtu analeta kipande cha sekunde chache na mimi namwambia hii ni ndege gani, toleo gani, kikosi gani kama herufi zinasomeka ubavuni, na kwamba picha hii haiwezi kuwa imepigwa kabla ya mwaka fulani. Kinachoniuma mimi ni hivi vipindi vichache vilivyobaki, maana picha inayoonyeshwa na maneno yanayosemwa siku hizi havina undugu kabisa. Msimulizi anasema lake, picha inaonyesha lake, na pale studio hakuna mtu aliyelipwa ili agundue.

Tuchukue mapambano ya angani juu ya Uingereza, yale ya Julai hadi Oktoba 1940, sababu ndo yanayorudiwa kuliko yote. Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza, zilizopigana kipindi kile nyingi zilikuwa Mk I, yaani toleo la kwanza. Propela yake ina mapanga matatu, na bunduki zake nane zimekaa ndani ya bawa kabisa, ukitazama bawa kwa mbele ni laini, huoni mtutu umetokeza, tena mara nyingi matundu ya bunduki yalibandikwa vitambaa vyekundu ili baridi na uchafu visiingie. Sasa fungua dokumentari yoyote ya bei rahisi kuhusu 1940, msimulizi anakwambia hawa vijana wachache walisimama dhidi ya Luftwaffe nzima, jeshi la anga la Ujerumani, na kwenye skrini inapita Spitfire ya mapanga manne yenye mitutu miwili mirefu ya mizinga ya mm 20 imetokeza mbele ya mabawa. Hiyo ni Mk IX, imeingia vikosini katikati ya 1942. Saa zingine inakuwa mbaya zaidi, ndege ina mistari mipana myeupe na myeusi kwenye mabawa na kiunoni. Ile mistari ilipakwa siku za mwanzo za Juni 1944 kwa ajili ya uvamizi wa Normandy kule Ufaransa, na ilipakwa kwa sababu maalumu, kwamba kule Sicily Julai 1943 meli na askari wa Washirika wenyewe (Waingereza, Wamarekani na wenzao) walitungua ndege zao zilizobeba askari wa miavuli usiku, kwa hiyo safari hii wakataka kila mtu wa chini aone wazi kabisa hii ni yetu. Yaani mistari yenyewe ni hadithi nzima ya vita, watu walikufa ndo ikapakwa, halafu mhariri anaitupa kwenye 1940 sababu imependeza.

Upande wa Wajerumani ni yaleyale. Messerschmitt Bf 109 ya kweli ilikuwa na injini ya Daimler-Benz iliyolazwa kichwa chini, silinda zinaelekea ardhini, ndo maana ekzosi zake ziko chini kabisa pembeni ya pua. Lakini Wahispania baada ya vita walizitengeneza wao wakazifunga injini ya Merlin ya Rolls-Royce, ileile ya Spitfire, wakaziita Buchón, na Merlin silinda zake zinaelekea juu kwa hiyo ekzosi zikapanda juu ya pua na mdomo wa ndege ukawa umevimba kwa chini. Hizi ndo zilizotumika kwenye filamu kubwa ya Battle of Britain ya 1969 na baada ya hapo zikaendelea kurushwa kwenye maonyesho ya ndege, kwa hiyo "Messerschmitt" nyingi za rangi nzuri unazoziona kwenye vipindi ni hizo. Filamu ya kuigiza mimi naisamehe, walitumia zilizokuwa zinaruka. Dokumentari siwezi kuisamehe, sababu dokumentari inakuahidi kwamba unachokiona kilitokea.

Kuna kipande kimoja naamini umeshakiona hata kama hujui. Ndege ya jeti inakuja kutua kwenye meli, iko chini kidogo, inagonga ukingo wa sitaha, inapasuka moto na sehemu ya mbele yenye rubani inakatika inaviringika peke yake juu ya sitaha. Hiyo ni F9F Panther, meli ni USS Midway, Juni 1951, na rubani George Duncan alitoka mzima akiwa na majeraha ya moto. Kipande hicho kimewekwa kwenye filamu ya kuigiza ya 1976 inayohusu pigano la 1942, wakati huo jeti hata hazijafika kwenye meli, halafu 1990 kikawekwa kwenye filamu nyingine kama ajali ya F-14, jeti ya miaka mingi baadaye. Sababu ya kurudiwa hivi ni ya kawaida kabisa: filamu iliyopigwa na watumishi wa serikali ya Marekani wakiwa kazini haina hakimiliki kule Marekani, iko kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa College Park, Maryland, unainakili unatumia. Filamu za Imperial War Museums, makumbusho ya vita kule London, inabidi ulipie leseni. Basi kampuni yenye bajeti ndogo inachota zilizo bure, na ndo maana vita vya dunia nzima kwenye televisheni vinaonekana kama vilipiganwa na jeshi la majini la Marekani peke yake, na upande wa Mashariki, Wajerumani dhidi ya Wasovieti, ambako wanajeshi wengi kupita kote waliuawa unapata dakika tatu za theluji na vifaru.

Na sauti je? Hapa watu wengi hawajui. Kamera za mapiganoni karibu zote zilikuwa bubu. Mpiga picha alikuwa na kitu kama Eyemo, kamera ya kukaza kwa springi kama saa ya ukutani, inabeba roli ya futi 100 ambayo ni kama dakika moja tu ya filamu, hakuna maiki. Karibu kila mlio unaousikia kwenye picha za vita vile umewekwa baadaye studio. Zamani mtu wa sauti alitafuta walau injini inayofanana. Siku hizi kila ndege inayoshuka inalia kile king'ora cha Stuka, ndege ya mabomu ya Wajerumani, iwe ya Mmarekani, iwe ya Mjapani, iwe ndege ya abiria inayoanguka. Kile kilikuwa ni kipropela kidogo kilichofungwa kwenye miguu ya hiyo Stuka, yaani Ju 87, makusudi ili kutisha watu wa chini, na Wajerumani wenyewe walikiondoa kwenye ndege nyingi sababu kilikuwa kinapunguza mwendo. Ndege moja, miaka michache, leo imekuwa sauti ya kuanguka kwa kila kitu chenye mabawa.

Sasa ilikuwaje tukafika hapa. Watu husema watazamaji wamekuwa wajinga, mimi sikubaliani kabisa. Angalia The World at War ya kampuni ya televisheni ya Thames, ilirushwa Uingereza 1973 hadi 1974, sehemu 26, mzalishaji Jeremy Isaacs, mshauri mkuu wa historia alikuwa Noble Frankland ambaye ndo alikuwa mkurugenzi wa Imperial War Museum na mwenyewe alikuwa navigeta, yaani mwelekeza njia, wa ndege za mabomu vitani. Kitu kilirushwa kwenye televisheni ya kawaida, ya matangazo ya biashara, wakatazama watu wa kawaida kabisa. Wale watu walikuwa na mtafiti wa filamu ambaye kazi yake ni kukaa na makopo ya filamu na kuuliza hii ni wapi, lini, nani kapiga. Cheo hicho ndo kimekufa. Ukiniuliza kitu kimoja kilichoharibu dokumentari za vita nitakwambia hicho hicho, walimtoa yule mtu, kazi yake akapewa mhariri ambaye anaandika "Spitfire" kwenye kompyuta anachagua iliyo safi zaidi, na mhariri hana kosa, ana siku chache na skripti imeshasomwa.

Pesa ndo iliyomtoa. Chaneli ya kebo Marekani ilikuwa inalipwa kwa njia mbili, matangazo, na kile kiasi kidogo ambacho kampuni ya kebo inalipa kwa kila mteja aliye na kifurushi, atazame asitazame. Kwa mfumo huo chaneli ndogo iliweza kuishi. Ndo maana Discovery waliweza kuwa na chaneli nzima ya ndege tu, Discovery Wings, asubuhi mpaka usiku ndege! Januari 2005 ikageuzwa ikawa Military Channel, Machi 2014 ikawa American Heroes Channel, na kila jina jipya lilikuwa pana kuliko lile la kwanza sababu walikuwa wanatafuta watu wengi zaidi, hasa wale wenye umri ambao watangazaji wanawalipia vizuri, na mashabiki wa ndege wengi ni wazee. Upande wa pili kuna chaneli ya History, iliyoanza 1995 na watu wakaipachika jina chaneli ya Hitler kwa jinsi ilivyojaa vita vile, ikaingiza madereva wa malori kwenye barafu 2007 na duka la rehani 2009, na vile vipindi vikapata watazamaji kuliko vita yoyote waliyowahi kuonyesha. Kuvitengeneza ni rahisi, hulipi leseni ya filamu, huhitaji mtafiti. Halafu watu wakaanza kukata kebo, ile pesa ya vifurushi ikaanza kuyeyuka, na kilichobaki cha historia kikabanwa zaidi.

Na kuna kitu ambacho hakuna mtu wa kumlaumu. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1944 alikuwa na 70 mwaka 1994, kastaafu, akili ipo, na wengi wakati huo ndo walikuwa wanakubali kuongea kwa mara ya kwanza. Chaneli zilizaliwa wakati huohuo. Rubani akikaa mbele ya kamera akasema pale ndipo nilipopunguza mafuta nikamwacha anipite, huwezi kumwekea picha ya ndege nyingine, atakukatalia palepale. Wale wazee walikuwa ndo wakaguzi wa mwisho na wameondoka. Nafasi yao amekaa mtu anayeongelea kila vita, jana Roma leo Vietnam, analipwa aseme sentensi yenye msisimko.

Matokeo ya kukosa mkaguzi yalionekana wazi Julai 2017. History wakarusha kipindi kuhusu Amelia Earhart, rubani wa Kimarekani aliyepotea Pasifiki 2 Julai 1937, wakaja na picha kutoka hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Marekani, gati la Jaluit visiwa vya Marshall, kuna mtu kakaa katupa mgongo kamera, wakasema huyo ni yeye na yule amesimama ni navigeta wake Fred Noonan, wametekwa na Wajapani. Wakaita mtaalamu wa kulinganisha sura, wakapima kiwiliwili. Siku chache tu baadaye mwanablogu mmoja wa Japani akaandika jina la kisiwa kwa Kijapani kwenye maktaba ya Bunge lao mtandaoni, akaikuta picha ileile imechapwa kwenye kitabu cha safari cha mwaka 1935. Miaka miwili kabla hajapotea! Alisema ilimchukua kama nusu saa. Hebu fikiria, safari, wataalamu, muziki, masaa mawili ya televisheni, na hakuna aliyekaa nusu saa akauliza swali la kwanza kabisa ambalo mtu wa fani yangu anauliza, picha hii imepigwa lini.

Mimi mwenyewe nimewahi kuitwa na kampuni moja ya vipindi, nisiitaje, nikawaandikia orodha ya picha zisizohusika dakika kwa dakika, wakanishukuru vizuri sana, wakasema hariri imeshafungwa. Sasa mliniita nikague nini?

Kinachonipa moyo ni kwamba inawezekana, hata ndani ya mfumo huohuo wa matangazo. Dogfights ya History, 2006 hadi 2008, ilitegemea zaidi picha za kompyuta na ilikuwa nzuri mno, sababu zile picha zilifanya kazi ambayo kamera haikuweza, unaona nani yuko juu, nani ana mwendo, kwa nini huyu akigeuka tu amekwisha, na walikuwa na marubani wenyewe. Nyingine ni ile ya Wakanada ya ajali za ndege, ilianza 2003 kwa jina la Mayday. Ina maigizo, ina muziki, lakini nyuma yake kuna ripoti rasmi ya uchunguzi, namba za ndege, sekunde kwa sekunde, na skripti haiwezi kukimbia mbali na ripoti hata ikitaka. Ndo tofauti. Ikiwepo karatasi inayombana mwandishi, kipindi kinanyooka.

Na karatasi za vita vya dunia zipo jamani! Wapiga picha wa jeshi la Uingereza, wale wa kikosi cha filamu na picha kilichoundwa 1941, walikuwa wanaandika karatasi ya maelezo kwa kila roli wanayoituma, tarehe, mahali, kikosi, wakati mwingine jina la askari anayeonekana anakunywa chai. Ziko Imperial War Museums. Upande wa Marekani filamu nyingi za jeshi zina kadi zinazoeleza kila shoti. Mzalishaji akimlipa mtu mmoja wiki mbili asome hizo kabla mhariri hajagusa chochote, nusu ya makosa niliyoyaandika hapa yanaondoka. Lakini iwe kabla, sio baada, na hasa sasa ambapo wameanza kupitisha filamu za zamani kwenye akili mnemba ili zing'ae, ile programu inakisia riveti (misumari ya bati la ndege) na herufi ambazo hazikuwepo, nimeshaona namba ya ubavuni imegeuka kuwa herufi isiyokuwepo kwenye alfabeti yoyote, na ile namba ndo ilikuwa njia yangu pekee ya kumjua rubani.