Minyoo wa Kondoo: Usisubiri Aharishe

Swali: Minyoo hawa wa tumboni ni wa aina gani?
Wapo wengi, ila anayetuulia kondoo hasa mvua zikishanyesha ni *Haemonchus contortus*. Hukaa katika tumbo la nne na kazi yake ni kunyonya damu. Jike mmoja hutaga mayai 5,000 hadi 10,000 kwa siku. Mayai hutoka na kinyesi, yanaanguliwa, na lava (minyoo wachanga) hupanda majani yenye unyevu na kumezwa na kondoo wengine.

Swali: Kondoo hupataje kinga?
Kwa kumeza lava kidogo kidogo, kwa miezi. Ukuta wa tumbo hujifunza kuwatambua: ute unatoka na kingamwili, seli za ulinzi hukusanyika, lava wageni hufukuzwa au hudumaa, na majike waliobaki hutaga mayai machache. Si kwamba minyoo wote humalizika. Mwanakondoo wa chini ya miezi mitano mhesabu kuwa hana kinga. Ya kutegemewa huja akikaribia mwaka, tena kama anashiba. Mwenye njaa hajengi kinga.

Swali: Basi niwaache wadogo wazoee?
Wakizidiwa, hawazoei, wanakufa. Minyoo 5,000 hunyonya takriban robo lita ya damu kwa siku, na mwanakondoo wa kilo 15 ana damu ya lita moja hivi. Piga hesabu mwenyewe.

Swali: Lakini wangu hawaharishi.
Hili nalisikia kila mara, na mara nyingi mzoga uko chini. Mnyoo huyu kwa kawaida HAHARISHI. Kinyesi kinaweza kuwa vidonge vikavu, vizuri kabisa, na damu imekwisha mwilini. Ukisubiri kuhara umechelewa.

Vuta kope la chini uangalie ndani. Pawe pekundu. Pakiwa peupe, mpe dawa leo, si siku ya mnada. Afrika Kusini walitengeneza kadi ya rangi iitwayo FAMACHA, alama 1 hadi 5: wa 4 na 5 hupewa dawa wote, na wa 3 pia akiwa mdogo au ananyonyesha.

Swali: Mwingine amevimba chini ya taya. Niupasue uvimbe?
Weka kisu chini, tafadhali. Hayo ni maji, yamejikusanya kwa sababu protini ya damu imepungua sana. Ukipasua unamwongezea kidonda mnyama asiye na damu.

Swali: Na huyu mnene, anakula vizuri na haharishi?
Nimeshajibu. Fungua kope. Lava wakiingia wengi kwa mkupuo, hata mnene huanguka kabla hajakonda.

Swali: Jike mkubwa mwenye kinga yake, naye nimwangalie?
Sana. Kinga yake hushuka kuanzia wiki chache kabla ya kuzaa hadi wiki kadhaa baadaye. Mayai humwagika malishoni wakati uleule mwanawe anaanza kung'ata majani. Mwongezee chakula kabla hajazaa.

Swali: Ni kweli kondoo wekundu wa Kimasai hawaumwi minyoo?
Wanaumwa, ila wanastahimili. Utafiti uliofanyika Diani, pwani ya Kenya, miaka ya 1990 uliwalinganisha na Dorper, aina ya kondoo wa nyama: wekundu walitoa mayai machache, walibaki na damu zaidi na walikufa wachache. Halafu sisi tunawauza tuchukue dume la Dorper kwa sababu ya mwili wake! Chotara huyo mkague kope mara kwa mara.

Swali: Si rahisi kuwanywesha wote kila mwezi?
Rahisi kwa muuza dawa. Ukinywesha zizi zima kila mara, wanaosalia ni minyoo sugu tu, na hao ndio watakaotaga. Wenye kope jekundu waache.

Swali: Dawa nipime vipi? Kizibo kimoja kinatosha?
Kizibo cha nini? Pima uzito, soma kibandiko, tumia bomba la kunyweshea. Usipoweza kuwapima wote, pima mzito kuliko wote katika rika lao na utumie dozi yake. Nusu dozi haiui minyoo wote, inawazoesha dawa.