Benki Ikianguka, Aliyeuza Hisa za Kuazima Halipwi Papo Hapo
Wengi hudhani kwamba mwekezaji anayeazima hisa za benki inayoyumba na kuziuza, akitarajia kuzinunua tena kwa bei ya chini, huvuna faida siku ile ile benki inapoanguka. Silicon Valley Bank ya Marekani ilionyesha vinginevyo: hisa za kampuni mama yake zilishuka kwa takriban asilimia 60 tarehe 9 Machi 2023, lakini kesho yake zikasimamishwa sokoni, hivyo wengi wakashindwa kununua hisa za kurudisha, huku ada ya kuazima ikiendelea kuhesabiwa. Tena, benki ikiokolewa na bei ikapanda, hasara ya mwekezaji huyo kinadharia haina kikomo.